Mpaka Aone Njia: Kutoka Mgeta hadi Mtwara kwa Meli

Tangu nirudi kutoka Mtwara sijashona hata sketi moja nikaimaliza kwa amani. Nikianza tu kukanyaga cherehani, anatokea mmoja wenu mlangoni: "Mama Leti, hebu tuambie, meli ikoje?" Maswali yenyewe ni yale yale. Mnalala wapi? Choo kipo? Ni kweli watu wanatapika mpaka nyongo? Halafu linakuja la mwisho, ambalo mtu huliuliza kwa sauti ya chini huku anatazama vidole vyake: ni kweli kaka yako alichukuliwa na meli?

Hilo la mwisho ndilo mnalolitaka, mengine ni ya adabu tu. Basi nimeamua kuandika yote, niyasome mara moja kwenye jumuiya yetu hapa Kilakala, halafu mniache nimalize sare za watu. Habari za kukata tiketi sielezi. Foleni ni foleni, wote mnaijua.

Mgeta: kupanda kuomba, kushuka na kabichi

Mnajua kwamba binti yangu Letisia ni nesi huko Mtwara, na kwamba alipata mchumba huko huko, Bonifasi, mwalimu. Msichokijua ninyi mliotoka mikoani kuja kufanya kazi viwandani ni kwamba sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hata baba yake angekuwa hai, angekaa pembeni kwa heshima zake zote. Mjomba asipofungua mdomo, padri anaweza kufungisha ndoa na kengele zikalia, lakini wazee watasema binti ameolewa kama mtoto wa kuokotwa.

Na mjomba wa Letisia, yaani kaka yangu Kosmasi, alikuwa amenuna. Watu wa Bonifasi walipokuja kuposa, mvua ilikuwa imeporomosha barabara ya Mgeta. Hawakuweza kupanda. Wakaishia kwangu, wakanywa chai, wakaacha salamu za mjomba na shuka lake la zawadi, wakaondoka. Kaka alipopata habari alisema, "Posa ya mpwa wangu imeishia kwenye cherehani." Tangu siku hiyo ukimtajia harusi anaanza kuzungumzia karoti.

Letisia alipiga simu parokiani, nikaitwa mbio, nikamkuta analia. "Mama, wazee wa huku nao mjomba kwao ni mjomba. Wananiuliza wangu yuko wapi. Niwaambie sina?" Kesho yake nikapanda Mgeta kuomba.

Nilimkuta kaka kwenye matuta yake ya vitunguu liki, nikamsihi mpaka nikapiga magoti kwenye tope, mimi mtu mzima na wajukuu. Akaniinua kwa upole kabisa, akasema, "Dada, mimi siendi. Anayenitaka anajua ninapokaa."

Sisi ukoo wetu tukinuna tunanuna kwa heshima, hatupigi kelele. Ndiyo maana ni vigumu kutubembeleza. Nililala nikiwa nimekata tamaa.

Asubuhi nikamkuta uani amefunga matenga mawili ya zawadi za Letisia: kabichi, karoti, njegere na viazi. Na amevaa koti lake jeusi, lile la Krismasi na misiba mikubwa.

"Koti la nini?" nikamwuliza.

"Baridi," akasema. "Nakusindikiza mpaka Nyandira."

Hapa nisimame kidogo, maana safari nzima imejengwa juu ya neno hili. Ninyi wa mjini mgeni mnamsindikiza mpaka kwenye geti, mnampungia mkono, mnarudi kwenye redio. Mlimani kwetu njia zinapinda, zinapotea kwenye migomba, ukungu unashuka bila hodi. Mgeni unamsindikiza mpaka aone njia. Unafika naye mahali ambapo njia ya mbele imejionyesha yenyewe, hapo ndipo mnaagana, na kuaga kwenyewe si kwa neno moja. Ukimwacha mtu kwenye ukungu hujamsindikiza, umemfukuza.

Tukafika Nyandira. Ukungu ulikuwa mzito hata lori la kabichi tulilisikia kabla ya kuliona.

"Njia unaiona?" kaka akauliza.

"Siioni hata pua yangu."

"Basi twende mbele kidogo," akasema, akarusha matenga ndani ya lori na yeye mwenyewe akafuata.

Msamvu hadi Dar: watu wawili na kabichi moja

Lori lilikwama mara mbili kwenye tope, na mara zote mbili kaka alishuka kusukuma na koti lake mwilini. Tulipofika stendi ya Msamvu nilidhani tutaagana. Lakini siku hizi za ruksa kila mwenye nacho ameingiza basi barabarani, na kila basi lina wapiga debe wake. Kabla sijakanyaga chini vizuri, mmoja alishika tenga huku, mwingine akashika tenga lile lile kule, kila mtu anavuta kwenye basi lake.

"Mama, la kwangu linatoka sasa hivi!"

"Muongo huyo, mama, lake halina hata dereva!"

Kaka alisimama katikati yao akaondoa mikono yao kwenye tenga, mmoja baada ya mwingine, kama anavyotoa konokono kwenye kabichi. Kisha akanigeukia. "Njia unaiona hapa?"

"Ninachokiona ni watu wawili wanagombea tenga."

"Basi bado," akasema, akapanda basi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayesafiri na mboga: kaa nazo ndani. Ukiziweka kwenye buti la basi utashuka na supu. Sisi tulizipakata. Mbele kulikuwa na televisheni, na picha ya watu wanaopigana mateke tangu Msamvu. Kaka aliitazama kwa makini sana. Tulipofika Chalinze aliniuliza walikuwa wanagombea nini, nikamwambia sijui, akasema labda na wao mjomba wao hakuambiwa. Niligeuza uso dirishani nikanunua machungwa. Sikutaka aone ninavyocheka, maana angejua bado nina tumaini.

Bandarini: saa ya meli

Mnauliza kwa nini hatukwenda kwa basi. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika kule Rufiji kwa mvua, kama kawaida yake. Iliyobaki ni meli, moja ya hizi za watu binafsi, nyeupe juu na kutu chini.

Tuliambiwa inaondoka asubuhi. Asubuhi ikafika, tukaambiwa mashine inatazamwa. Mchana tukaambiwa fundi amekwenda kununua kifaa. Ikaondoka kesho yake. Kwa hiyo andikeni: saa ya meli si saa ya misa. Chukua mkeka, kanga mbili, maji ya kunywa, na chakula cha siku moja zaidi ya unavyodhani. Na usiende chooni bila kumwachia mtu mizigo.

Mimi mtu huyo nilikuwa naye. "Siwezi kukuacha hapa na matenga," kaka alisema, "hata njia yenyewe haijafika." Akanyunyizia kabichi maji, akakaa juu ya kiazi kilichochomoza kwenye tenga, akavumilia.

Kwenye lile banda la abiria Mungu alituletea Bi Mwanaidi, mwanamke wa Lindi, mfanyabiashara wa vitenge ambaye safari hiyo anaifanya kama ninyi mnavyokwenda sokoni. Aliona mama wa bara anaikodolea meli macho, akasogeza mkeka wake. Akatupa samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina, sisi tukampa karoti. Alizitafuna mbichi akasema hajawahi kula karoti tamu namna ile. Tangu hapo kaka akamhesabu kuwa ni mtu wa maana, na akamfungulia maswali yake yote.

"Bibi, hii meli ikisimama mahali pa mteremko, inazuiwa na nini?"

"Mteremko upi, kaka yangu?"

"Lori letu lina utingo na jiwe. Likisimama mlimani anaruka anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Meli jiwe lake liko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bi Mwanaidi hakucheka. Alimwonyesha nanga ilivyoning'inia mbele ya meli, akasema, "Jiwe lao ndilo lile." Kaka akaitazama kwa muda mrefu, akaridhika. Kuuliza si ujinga, na mtu anayejibu bila kukucheka ni wa kumshukuru Mungu.

Juu ya meli: kuaga hakukatwi katikati

Sasa tumefika mnapopataka.

Wasindikizaji wanaruhusiwa kupanda kuingiza mizigo. Kaka akapanda na tenga begani, mimi nyuma na jingine, Bi Mwanaidi mbele anatuonyesha njia. Akatuchagulia viti vya katikati ya meli, mbali na bomba la moshi. Kaka akapanga matenga, akafuta jasho, akakaa. Kisha akashika mkono wangu akaanza kuniaga.

Mnajua nilivyokwambieni kuhusu kuaga. Alianza na salamu za Letisia, kila mtu wa ukoo kwa jina lake. Akaingia kwenye ndoa ya mama yetu, jinsi mjomba wake alivyoshuka kwa miguu hadi Matombo kuisimamia. Spika ikakoroma: "Wasindikizaji wote wanaombwa kushuka." Honi ikalia.

"Kaka, wanasema mshuke."

"Usinikate. Naaga."

Honi ikalia tena. Yeye alikuwa amefika mwaka wa njaa, jinsi bibi yetu alivyogawa mbegu za mwisho. Nilianza kumsukuma begani, machozi yananitoka, maana nilijua mkono ule ukiniachia ndiyo basi, Letisia hatakuwa na mjomba. Nilikuwa namfukuza mtu ambaye nilitaka abaki kuliko kitu chochote duniani. Kisha honi ikalia tena, sakafu ikaguna chini ya miguu yetu. Nikachungulia dirishani. Gati lilikuwa linaondoka.

"Kaka! Meli imeondoka!"

Akainuka taratibu, akaja dirishani, akatazama maji upande huu, akatazama upande ule.

"Njia iko wapi?" akauliza.

"Njia gani tena? Si maji matupu!"

"Basi ningekuachaje," akasema, akarudi kukaa.

Karani wa meli alipopita kukagua alimkuta amejikunja na koti lake. "Mzee, tiketi."

"Mimi si abiria. Ni msindikizaji."

"Msindikizaji anaishia gatini!"

"Labda kwenu."

Karani akapandisha sauti, watu wakageuka. Kaka akamwonyesha sikio la kushoto, akasema hilo ni bovu tangu utoto, honi hakuisikia hata moja. Bi Mwanaidi akaingilia kati: "Mwanangu, huyu mzee ametoka milimani, bahari ndiyo anaiona leo. Sasa utamtosa?" Karani akavuta pumzi, akamkatia tiketi ya sitahani. Kaka akalipa mwenyewe bila kuniomba, na bila kushangaa.

Mimi nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Shamba utamwachia nani? Utarudije? Nguo huna! Niligomba kwa nguvu kwa sababu ndani nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha. Nilijua nikicheka tu atakumbuka kwamba amenuna.

Haya, maswali yenu. Choo kipo, ila mlango wake una kizingiti kirefu cha chuma. Inua mguu, mimi goti langu bado lina alama. Chakula kipo jikoni, wali na maharage, lakini nenda mapema. Majaketi ya kujiokolea yako kwenye masanduku pembeni. Mwulize baharia akuonyeshe namna ya kuvaa lako, halafu ulirudishe. Kaka alionyeshwa akalivaa juu ya koti, na hakulivua mpaka Mtwara.

Na kutapika, ndiyo, watu wanatapika. Nilitapika mimi. Yeye wala. Mtu wa Mgeta amezoea kulima ameegemea upande mmoja, labda ndiyo sababu. Bi Mwanaidi alinipa tangawizi nitafune, akaniambia nitazame mbali na si chini, nisikae na njaa wala nisishibe. Kaka alinishikilia kichwa tangu jua linazama, akinifuta mdomo kwa kanga yangu, kama mama alivyokuwa akitufanyia. Nikasema moyoni kwamba hata akinuna miaka kumi, nimekwisha lipwa.

Mtwara: kikao

Letisia alikuja bandarini kunipokea mimi. Alipoona lile koti linashuka ngazi na tenga begani, aliachia mkoba wake chini, akapiga magoti pale pale kwenye saruji. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Inuka, utachafua gauni. Nilikuwa namsindikiza mama yako tu."

Letisia akaniangalia. Nikamkonyeza asiseme kitu.

Kikao cha wazee kilikaa jioni ile, nyumbani kwa mjomba wa Bonifasi, Mzee Alfonsi. Walikuwa wamechemsha njegere zetu kwa nazi, na watu walizila kwa adabu kama kitu cha ng'ambo. Tukamaliza kula. Kaka alikuwa amelipiga brashi lile koti jeusi mpaka tope la barabarani lote limetoka, amekaa wima, anatazama ukuta. Niliogopa. Nilijua akiinuka akasema ameishia hapo, yeye ni msindikizaji, hakuna atakayeweza kumlaumu.

Mzee Alfonsi akasimama. "Ndugu yetu," akasema, "sisi mvua ilitushinda, tukarudi bila kukuona. Wewe umeshuka mlima ukavuka bahari. Tumekosa, na mbele ya watoto hawa nasema tumekosa."

Kaka akakohoa. "Mimi sikuja kuoza mtu," akaanza. "Nilikuwa namsindikiza dada yangu mpaka aone njia. Nyandira kulikuwa na ukungu. Msamvu vurugu. Dar hakusikilizani. Baharini ndiyo usiseme." Akageuka. "Letisia."

"Abee, mjomba."

"Hapo mbele yako, njia unaiona?"

Letisia hakumtazama Bonifasi, hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba wake. "Naiona, mjomba."

"Hakuna ukungu?"

"Hakuna."

Kaka akainuka, akamshika mkono Letisia, akavuka naye chumba kile, akauweka mkono ule kwenye mkono wa Mzee Alfonsi. "Basi mimi naishia hapa," akasema. "Mbele mtamsindikiza ninyi."

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja kuuliza. Mimi sikupiga. Nililia mpaka kanga ikalowa, na sioni aibu kuandika. Harusi yenyewe ilikuwa nzuri, picha mtaziona, lakini kwangu binti yangu aliolewa jioni ile.

Kurudi

Tulirudi na meli ile ile, na safari hiyo kaka alikuwa mwenyeji. Aliwaonyesha abiria wapya kizingiti cha choo. Aliwaambia watazame mbali. Mama mmoja alipouliza meli inazuiwa na nini, alimpeleka mbele kumwonyesha jiwe. Mimi nilitafuna tangawizi ya Bi Mwanaidi, ambaye hatukumwona tena, na nikamwombea popote alipo.

Morogoro nilimpeleka hadi lilipo lori la Mgeta, nikataka kupanda naye. Akakataa. "Rudi kwenye cherehani. Njia naiona."

Wengi mmenishauri nimwulize kama kweli alichukuliwa na meli, nami nilikuwa nimekwisha mwuliza pale pale. Alikuwa ameshaweka mguu juu ya gurudumu, koti begani. Nikasema, "Kaka, sikio lako la kulia ni zima. Ile honi ya Dar, kweli hukuisikia?"

Akapanda, akakaa juu ya magunia matupu, akanitazama kutoka juu.

"Ipi, dada?" akasema. "Zilikuwa tatu."